Mashine ya Kutetemesha Miguu: Je, Itatukinga na Kidonda Ndugu?



Katika matembezi yetu ya kuwaona wagonjwa majumbani, kuanzia Diani na Ukunda hadi Msambweni na vijiji vya ndani, kuna swali moja tunaloulizwa mara kwa mara. Je, hizi mashine za kutetemesha miguu zinafaa kweli? Wengine wameziona kwenye simu, wengine wamesikia kwa jirani, na wengine wameletewa na mtoto aliye Mombasa au Arabuni. Mgonjwa anaweka nyayo juu ya kibao, anawasha, na miguu inatetemeka kwa dakika kadhaa. Muuzaji anasema damu itatembea, ganzi itaisha na vidonda havitatoka tena.

Swali hili si dogo. Kati ya watu 100 wenye kisukari wanaokatwa mguu, karibu 85 walianza na kidonda tu cha unyayo au cha kidole. Kidonda kikakaa, kikaoza, kikafika mfupani. Na huyo anayekatwa mguu hapa kwetu ni nani? Ni mkwezi wa minazi, ni mvuvi, ni mama anayekaanga samaki barabarani, ni mlinzi wa hoteli anayesimama usiku kucha. Akikaa yeye, nyumba nzima imekaa. Mtoto wa shule anarudi nyumbani, shamba linaota magugu.

Kwa hiyo tumeona tulieleze jambo hili taratibu. Jibu letu kwa ufupi ni hili: mtetemo unaweza kuusaidia mzunguko wa damu kidogo na kwa muda mfupi, lakini haumlindi mtu asiyehisi miguu yake. Anayelindwa ni yule anayeangalia nyayo zake kila siku, anayevaa kiatu kinachomfaa, na anayekwenda zahanati mapema. Hebu tuone sababu.

KIDONDA KINATOKA WAPI?

Watu wengi husema, "Sukari imeshuka miguuni ikatoboa." Sivyo. Sukari haitoboi ngozi. Sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka mingi huharibu mambo matatu.

La kwanza ni mishipa ya fahamu, yaani ile inayopeleka habari kutoka mguuni hadi kwenye ubongo. Ikiharibika, mguu unaanza kuchoma kama pilipili au kuwashwa kama sisimizi wanatembea, hasa usiku. Baadaye unakufa ganzi. Wagonjwa wengine hawapiti hata kwenye huko kuchoma, wanajikuta tu hawahisi. Mishipa hiyohiyo ndiyo inayoamuru jasho. Jasho likikauka, ngozi inakuwa kavu, kisigino kinapasuka magaga, na uchafu unaingia.

La pili ni mishipa ya damu. Inakuwa myembamba na migumu, damu haifiki vizuri kwenye vidole. Jeraha ambalo kwa mtu mwingine lingepona kwa wiki moja, kwa huyu linakaa miezi. Sigara na shinikizo la damu huongeza ubaya huu.

La tatu ni nguvu ya mwili ya kupigana na vijidudu, ambayo hupungua.

Sasa tuseme mtu wa namna hii amekanyaga kipande cha tumbawe ufuoni, au kokoto imeingia ndani ya kiatu. Wewe na mimi tungepiga kelele na kuitoa. Yeye hasikii kitu, anatembea nayo kutoka Gazi hadi Msambweni, na jioni akivua kiatu haangalii. Hapo ndipo kidonda kinapozaliwa. Hakikuzaliwa kwa kukosa damu peke yake, bali kwa kukosa maumivu.

Ndiyo maana mazungumzo haya tumeyasikia zaidi ya mara moja:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

"Mzee, tunaomba tuone nyayo zako."

"Ah, ya nini? Mguu hauniumi hata kidogo."

"Hilo hasa ndilo linalotutia wasiwasi, mzee."

SOMO KUTOKA KWA WENZETU WA TUMBE

Sisi wa Msambweni tungepaswa kulielewa jambo hili kuliko watu wengine, kwa sababu tumeishi na ukoma. Kijiji cha Tumbe kinajulikana kama mahali ambapo watu waliougua ukoma walipewa makao na matibabu, wakati huko kwao walikuwa wamefukuzwa. Wazee wa hapa wanakumbuka jinsi watu walivyoamini kwamba ukoma ndio unaokula vidole.

Aliyeonyesha kwamba sivyo ni daktari mpasuaji Paul Brand. Alizaliwa India mwaka 1914, mtoto wa wamisionari, na kuanzia 1946 alifanya kazi katika hospitali ya Vellore, kusini mwa India. Aliona kwamba vidole vya wagonjwa wake havikuanguka kwa sababu ya kuoza kwa ukoma wenyewe. Ukoma uliua mishipa ya fahamu, mgonjwa akawa hasikii maumivu, kisha akajiumiza kidogo kidogo kila siku: kwa sufuria ya moto, kwa msumari wa kiatu, kwa kutembea juu ya kidonda. Hata panya walikuwa wakiwatafuna usiku na wao wamelala fofofo.

Mwaka 1966 Brand alihamia hospitali ya ukoma ya Carville, jimbo la Louisiana, Marekani. Huko yeye na wenzake wakatambua kwamba miguu ya wagonjwa wa kisukari inapata vidonda kwa njia ileile. Yale waliyojifunza kwa wakoma, yaani kupumzisha mguu wenye kidonda, viatu vyenye soli laini na kuangalia nyayo kila siku, yakawa msingi wa kutunza mguu wa kisukari duniani kote.

Kwa hiyo watu waliotengwa na jamii ndio waliotufundisha jinsi ya kuokoa miguu ya wengine. Ukoma wenyewe sasa unatibika kwa dawa za mchanganyiko ambazo hutolewa bure, na hapa pwani bado anatokea mgonjwa mmoja mmoja. Mwenye baka lisilohisi kwenye ngozi asijifiche, aende hospitali mapema.

MTETEMO UNAFANYA NINI MWILINI?

Turudi sasa kwenye mashine. Si haki kusema ni uongo mtupu.

Damu inashuka miguuni kwa urahisi, lakini kurudi juu inahitaji kusukumwa. Kazi hiyo inafanywa na misuli ya shavu la mguu. Kila unapopiga hatua misuli inaikamua mishipa, na damu inapanda. Mguu unapotetemeshwa, misuli nayo inajikaza na kulegea harakaharaka, ikasukuma kidogo.

Tena, ndani ya mishipa ya damu kuna utando mwembamba sana. Utando huo ukitikiswa, au damu ikipita juu yake kwa kasi, unatoa hewa iitwayo naitriki oksaidi, ambayo inailegeza mishipa ikapanuka. Ndiyo sababu wataalamu waliopima ngozi za watu waliotetemeshwa wameona damu ikiongezeka kwa muda. Ni kama mtu aliyetoka kukandwa: ngozi inapata joto, anajisikia mwepesi. Baadaye mambo yanarudi kama yalivyokuwa.

Kuna utafiti unaotia moyo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago, waliwatetemesha panya wenye kisukari kwa nguvu ndogo, dakika 30 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Vidonda vyao vilipona upesi kuliko vya panya wengine, na mishipa midogo ya damu iliota zaidi. Kabla ya hapo, mwaka 2003, watafiti wa Boston walionyesha kwamba wazee waliosimama juu ya soli zenye mtetemo mdogo sana waliyumba kidogo kuliko kawaida. Hayo ni mambo mazuri.

Lakini tusome vizuri. Panya si binadamu. Kusimama bila kuyumba si sawa na kutopata kidonda. Utafiti kwa watu wenye kisukari umefanywa kwa watu wachache na kwa muda mfupi, na zaidi ulipima damu ya ngozi, si kama mtu aliepuka kidonda mwaka mzima. Ndiyo maana katika mwongozo wa mwaka 2023 wa kundi la kimataifa la wataalamu wa mguu wa kisukari utakuta mazoezi ya miguu, viatu, mafunzo kwa mgonjwa na kukaguliwa mara kwa mara. Mashine ya mtetemo haimo katika yale waliyopendekeza kuzuia kidonda.

Na mtetemo ukizidi, unadhuru. Mwaka 1918 daktari Alice Hamilton alichunguza wachonga mawe wa chokaa wa Bedford, jimbo la Indiana, Marekani, waliokuwa wakitumia nyundo zinazoendeshwa kwa upepo. Vidole vyao viligeuka vyeupe na kufa ganzi. Tangu hapo inajulikana kwamba mtetemo mkali wa muda mrefu huharibu mishipa ya damu na ya fahamu, ileile tunayotaka kuilinda. Vijana wetu wanaokata mawe ya matumbawe kwa mashine, au wanaotumia misumeno ya injini, wajue hilo pia.

NANI ASIITUMIE?

Kama mashine iko nyumbani tayari, hatusemi itupwe. Mtu ambaye hana kidonda na anahisi vizuri anaweza kuitumia kwa nguvu ndogo na muda mfupi kama kiburudisho. Lakini asiitumie kabla ya kumwona daktari mtu mwenye mojawapo ya haya:

- kidonda, lengelenge au ufa uliofunguka;
- mguu mmoja uliovimba ghafla na shavu la mguu linauma, kwani huenda damu imeganda ndani na mtetemo unaweza kuisogeza;
- mguu uliovimba, mwekundu na wenye joto hata kama hauna kidonda, kwani kwa mtu mwenye ganzi mifupa huweza kuvunjika ndani kimyakimya;
- kidole cheusi au cha bluu, au miguu baridi inayouma hata akiwa amelala;
- ganzi kamili, hasa kama mashine hiyo inatoa na joto. Asiyehisi ataungua bila kujua.

Na ubaya mkubwa kuliko yote hauko kwenye mashine yenyewe. Uko katika kujidanganya. Mtu anasema, "Mimi nina mashine," kisha anaacha vidonge, haendi kliniki, haangalii nyayo. Au familia inachanga maelfu ya shilingi kununua mashine wakati mgonjwa anatembea na ndara zilizotoboka. Tungeshauri fedha hizo zianze na viatu, dawa na nauli ya kliniki.

MTETEMO UNAOFAA: WA KUPIMA

Kuna mtetemo mmoja ambao faida yake inajulikana. Katika kliniki mhudumu huwa na uma wa chuma unaotetemeka mara 128 kwa sekunde. Anaugonga, anauweka juu ya mfupa wa kidole gumba, na kumwuliza mgonjwa kama anahisi mtetemo. Asiyehisi yuko hatarini. Wengine hutumia uzi wa nailoni unaojikunja ukibonyezwa kwa uzito wa gramu 10. Uzi huo nao ulitumika sana huko Carville.

Lakini hata nyumbani mnaweza kupima bila kifaa chochote. Njia hii ilianzishwa Ipswich, Uingereza, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011. Inafanywa hivi:

1. Mgonjwa alale au akae na miguu imenyooka, bila soksi, afumbe macho.
2. Mwambie aseme "kulia" au "kushoto" kila anapohisi ameguswa.
3. Kwa ncha ya kidole chako, gusa taratibu ncha ya kidole chake kwa sekunde moja au mbili. Usibonyeze, usikwaruze, wala usirudie.
4. Anza na kidole gumba cha kulia, kisha kidole kidogo cha kulia. Halafu gumba la kushoto na kidogo cha kushoto. Mwisho kidole cha katikati cha kulia na cha kushoto. Jumla ni vidole 6.

Asipohisi viwili au zaidi kati ya hivyo 6, huyo ganzi imeshamwingia. Mpelekeni kliniki akakaguliwe vizuri, na mambo yanayofuata hapa chini ayafuate kama sheria. Mtu yeyote mwenye kisukari akaguliwe miguu angalau mara moja kwa mwaka. Mwenye ganzi peke yake, kila baada ya miezi 6 hadi 12. Kama pamoja na ganzi vidole vimepinda au damu haifiki vizuri, kila miezi 3 hadi 6. Aliyewahi kupata kidonda, kila mwezi 1 hadi 3, maana kati ya watu 10 waliopona kidonda, karibu 4 hukipata tena ndani ya mwaka mmoja.

Na wale wasiojua kama wana sukari? Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu watu 9 kati ya 10 nchini Kenya walikuwa hawajawahi kupimwa. Wako wanaojua wana kisukari siku wanapolazwa kwa sababu ya kidonda. Basi tusingoje kidonda kituambie.

KAZI YA KILA SIKU

Angalia. Kila jioni angalia juu ya mguu, unyayo, kisigino na katikati ya vidole. Asiyeweza kuinama aweke kioo sakafuni. Mwenye macho mabovu amwite mjukuu, watoto wana macho makali na wanaipenda kazi hii. Gusa miguu yote miwili kwa mgongo wa mkono. Sehemu moja ikiwa na joto kuliko sehemu hiyohiyo ya mguu wa pili, hapo kuna jambo, pumzisha mguu na uende ukaonwe.

Osha na ukaushe. Maji yawe ya vuguvugu, na ayapime mtu mwingine, au uyapime kwa kiwiko. Usiloweke miguu kwa muda mrefu. Kausha katikati ya vidole. Ndugu zetu Waislamu wana nafasi nzuri hapa: anayetawadha mara tano kwa siku anaishika miguu yake mara tano. Akiongeza kuiangalia na kuikausha, amejilinda. Paka mafuta, hata ya nazi, kwenye kisigino na unyayo ili visipasuke, lakini si katikati ya vidole.

Usikate mwenyewe. Kucha zikatwe moja kwa moja bila kuchimba pembe. Sugu usiikate kwa wembe, wala usiweke dawa ya kuichoma. Sugu ni dalili kwamba kiatu kinabana au uzito unakaa mahali pamoja. Funza naye asichimbwe kwa pini au mwiba wa mlimau. Muone mhudumu wa afya wa jamii, kuna dawa za kupaka.

Vaa kiatu. Asiyehisi asitembee pekupeku, hata ndani ya nyumba, hata kwenye mchanga wa Diani ambao saa sita mchana unaunguza. Ndara zenye mkanda katikati ya vidole hukwaruza, na asiyehisi hujikuta anaburuta moja bila kujua imemvuka. Akala ni imara, lakini nyingi zina misumari, na msumari ukitokeza utamtoboa bila habari. Mwambie fundi ashone au agundishe, na aweke ndani mpira laini. Kiatu cha kufunika kiwe kirefu kuliko mguu kwa sentimita 1 hadi 2, na kipana. Kinunuliwe jioni wakati miguu imevimba kidogo. Kama mgonjwa hawezi kufika dukani, chora unyayo wake kwenye karatasi ngumu, ukate, uende nao. Karatasi ikikunjamana ndani ya kiatu, hicho kiatu kiache dukani. Na kabla ya kuvaa, kung'uta na uingize mkono ndani.

Kwa anayevua viatu kwa ajili ya sala, soksi safi zinasaidia, na aangalie asipite juu ya sakafu iliyochomwa na jua. Wavuvi na akina mama wanaokwenda kuchokoa pweza wakati wa maji kupwa, tafadhali viatu vya mpira, kwa sababu ya matumbawe na miiba ya baharini.

Jihadhari na moto na panya. Usiote moto ukiwa na ganzi, na ukipanda bodaboda angalia mguu usiguse ekzosi. Na msicheke habari ya panya. Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake waliandika mwaka 2005 kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala. Osha miguu na mikono kabla ya kulala, chomeka neti vizuri, na mahindi na mbata visiwekwe chumbani kwa mgonjwa.

Mazoezi badala ya mashine. Hii ndiyo "mashine" isiyotumia umeme. Kaa kwenye kiti, nyayo sakafuni. Inua visigino mara 10, kisha inua vidole mara 10. Nyoosha mguu mmoja, zungusha kifundo mara 10 kila upande, kisha wa pili. Kunja na kunjua vidole. Fanya asubuhi na jioni. Misuli itasukuma damu, na vifundo havitakakamaa. Asiye na kidonda atembee pia, akiongeza hatua kidogo kidogo. Kama shavu la mguu linauma ukitembea na kuacha ukipumzika, hiyo ni dalili damu haitoshi. Mwambie daktari. Na anayevuta sigara, jambo moja kubwa atakaloifanyia mishipa yake ni kuacha.

KIDONDA KIKITOKEA

Hapa ndipo miguu mingi inapotea, kwa kungoja. Osha kwa maji safi na sabuni, funika kwa kitambaa safi, usikikanyagie, na uende kituo cha afya siku hiyohiyo, si baada ya soko wala baada ya arusi. Usimwagie unga wa kapsuli, majivu, mafuta ya taa wala majani. Zinaficha kidonda na kuchelewesha matibabu. Ukiona usaha, harufu, wekundu unaopanda, homa, au kidole cheusi, hiyo ni dharura: usisite, nenda hospitali, kama ile ya rufaa ya kaunti pale Msambweni.

Ukiwa huko, mwombe daktari aangalie mapigo ya damu mguuni, na uulize namna ya kuuondolea uzito. Kidonda cha unyayo kinachokanyagwa kila siku hakiponi hata kwa dawa ghali. Kupumzika ni sehemu ya tiba, na hapa ndipo familia inapohitajika: nani atateka maji, nani atakwenda shambani, ili baba au mama asikanyage? Mgonjwa wa kidonda hashindwi peke yake, mara nyingi ameshindwa kwa sababu hakuna aliyemshikia kazi.

Kazi hii inawezekana hata katika nchi zisizo tajiri. Mapema miaka ya 2000 wenzetu wa Tanzania walianza mpango wa kuwafundisha madaktari na wauguzi wa mikoani kutunza mguu wa kisukari hatua kwa hatua, kwa vifaa vya kawaida. Waliweka nguvu katika mafunzo, katika kuwahi na katika kuangalia, si katika mashine kubwa.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

Tunaviomba vikundi vya akina mama, vyama vya wavuvi, vijana, jumuiya ndogondogo na majirani wa dini zote wakae pamoja na maswali haya:

1. Katika kijiji chetu, nani wana kisukari au waliwahi kuugua ukoma? Miguu yao iliangaliwa lini mara ya mwisho?
2. Nani kati yetu anaishi peke yake na hana wa kumwangalia nyayo? Nani atapita kwake mara mbili kwa wiki?
3. Tuna fundi wa viatu gani anayeweza kufundishwa kushona akala zisizo na misumari? Chama kinaweza kumnunulia mpira laini?
4. Mtu akipata kidonda leo usiku, nauli ya kumfikisha Msambweni itatoka wapi?
5. Tukitaka kuchanga fedha kwa ajili ya mgonjwa wetu, kitu gani kitangulie: mashine, viatu, au dawa? Kwa nini?

Kabla ya kuachana, fanyeni ile hesabu ya vidole 6, kila mmoja na jirani yake. Itachukua dakika mbili. Mkimkuta mmoja asiyehisi, msimwache aende nyumbani peke yake na habari hiyo. Mpangieni siku ya kliniki palepale, na mtu wa kumsindikiza.